Sekunde Arobaini na Mbili za Jinpachi

Niliagizwa nichore mtu aliyekaa bila kufanya chochote kwa sekunde arobaini na mbili, na sikuweza.

Nasema sikuweza, sitafuti neno la kuipaka sukari. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na thelathini na miwili kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza kwenye meza ya taa, ile inayowaka chini ya karatasi, nikichora katuni. Shule niliiacha nikiwa na kumi na mitano. Nikafunga maboksi katika kiwanda cha tambi kule Ibaraki mpaka siku niliyopanda treni ya Tokyo na penseli mbili mfukoni. Nimechora farasi wakianguka na daraja. Nimechora watu wakikatana mapanga mvuani. Ukitaka mtu arushwe kutoka ghorofa ya sita, avunje meza tatu za samaki kabla hajagusa chini, jina langu ndilo linalotajwa kwanza katika studio zote za mtaa wa Suginami. Lakini kukaa tu? Nani humwita fundi amchoree mtu aliyekaa?

Katuni yenyewe iliitwa Kituo cha Mvua. Ilikuwa na sehemu kumi na tatu, na katika zote hapakuwa na hata kofi moja. Mwanamume wa makamo aitwaye Jinpachi anarudi kijijini kwao mlimani baada ya miaka thelathini. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Anapewa kazi katika kituo cha zamani cha kupimia mvua. Kila asubuhi anasoma kipimo, anaandika daftarini, anarudi kwa mama yake. Basi. Sehemu ya tatu yote, Jinpachi na muuza tofu, ile jibini ya soya, wanabishana kama mvua ambayo hakuna aliyeipima ilinyesha kweli au la. Dakika ishirini na mbili wanabishana hivyo. Mimi nikinyeshewa nalowa, na sijawahi kupima. Lakini watu waliipenda. Walituandikia barua ndefu, wengine wakisema wameacha kazi zao ili wafikiri vizuri.

Mwezi wa Oktoba mwenye studio alituita sote kumi na wanne, akasema bila kuzunguka. Kazi za vita na farasi zimehamia kwenye kompyuta za watu wengine. Kuanzia sasa sisi ni watu wa Kituo cha Mvua na katuni za aina hiyo. Atakayeweza kuchora watu wa aina hiyo atabaki na meza yake. Asiyeweza ataiacha mwezi wa Machi. Hakutaja jina, ila wote waligeuka wakaniangalia mimi.

Aliyenitetea ni Mwalimu Ebisawa.

"Tetsu ataweza," alisema kutoka kwenye kona yake, bila hata kugeuka. "Mpeni Jinpachi mlangoni. Akishindwa hicho, meza yake ichukueni. Akiweza, mwacheni."

Mwalimu Ebisawa alikuwa na miaka sitini na minane. Kazi yake ilikuwa kusahihisha michoro yetu, na hakuna mchoro uliotoka pale bila muhuri wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika penseli upya nilipofika mjini, maana nilikuwa naishika kama kisu. Mtu kama huyo akikusemea mbele ya watu, huna pa kujificha.

Jinpachi mlangoni kilikuwa kipande namba 214 cha sehemu ya kumi na moja. Katika daftari la hadithi kilikuwa na picha moja tu, ndogo kama kiberiti: mtu amekaa kizingitini, mikono magotini, mama yake anaita ndani kwamba chakula kiko tayari. Pembeni Bi Tsukagoshi, mwongozaji wetu, alikuwa ameandika kwa mkono wake: Sekunde 42. Jinpachi amekaa. Hajui.

Nilimfuata mezani kwake.

"Hajui nini?"

"Hajui kama aitikie au asiitikie," alisema. Akang'ata kalamu. "Hapana. Hilo analijua. Hajui kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekiandika, Bwana Kuwabara."

"Sasa mimi nitakichora vipi?"

"Eeh! Hilo ndilo swali," akasema, akafurahi kabisa, kama mtu aliyepata mwenzake wa safari. Mimi sikuwa nimefika hata kituoni.

Basi nikaanza na kilicho rahisi. Picha ishirini na nne hupita katika kila sekunde, lakini si lazima zote ziwe michoro mipya; mchoro mmoja unaweza kuachwa ukae. Nikachora mchoro mmoja, mzuri, nikauacha ukae sekunde zote arobaini na mbili. Kwenye karatasi za muda, zile tunazoandika kila mchoro ukae kwa muda gani, nilivuta mstari mmoja ulionyooka kwa kurasa saba. Bahasha ikarudi baada ya siku mbili. Bi Tsukagoshi alikuwa ameandika juu: Huyu amekufa.

Nikamchora anapumua. Ikarudi: Huyu anapumua ili tumwone anapumua.

Nikamchora anapepesa macho na kujikuna shingo. Ikarudi: Huyu anawashwa.

Nikachora michoro themanini na sita. Akainua uso polepole, akatazama mawingu, akashusha pumzi, bega likalegea. Nilikaa nayo siku tisa, na mpaka leo nasema ni kazi safi. Ikarudi: Huyu anajua.

Bahasha hizo aliniletea Bi Hatakeyama, mtunza ratiba wetu, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye hajawahi kupita mezani kwa mtu bila kumwachia neno.

"Huyo Jinpachi wako bado amekaa?" aliniuliza mara ya nne. "Hata kuku huatamia siku ishirini na moja akaangua, Kuwabara. Wewe unaatamia nini, jiwe?"

"Muulize mwongozaji wako."

"Nilimuuliza. Akaniambia jiwe nalo lina siku zake." Akaitupa bahasha mezani. "Kazi ya wendawazimu hii. Zamani nilikuwa nakimbizana na watu wanaochelewesha mapigano. Sasa nakimbizana na watu wanaochelewesha kukaa."

Lakini kilichonichanganya zaidi hakikuwa maneno ya Bi Tsukagoshi. Yale angalau yalikuwa maneno. Kilichonichanganya ni karatasi za njano.

Kwetu msahihishaji hagusi mchoro wako. Anauwekea juu karatasi nyembamba ya njano, na juu ya hiyo anachora kwa penseli yake namna uso ulivyotakiwa kuwa. Wewe unaichukua, unaiweka kwenye taa, unaifuata. Kwa miaka thelathini karatasi za njano za Mwalimu Ebisawa zilikuwa ndiyo shule yangu. Mstari wake mmoja wa kidevu ulikuonyesha mtu huyu amelala saa ngapi jana. Tangu Kituo cha Mvua kianze, karatasi zake zilikuja tupu. Hakuna mstari hata mmoja. Muhuri mwekundu tu pembeni, nao umekaa upande, haukunyooka.

Studio nzima ilikuwa na maoni. Wengine walisema anatufundisha tujisahihishe wenyewe. Wengine walisema ndiyo katuni ilivyo, kwamba Jinpachi hana uso mmoja. Na kweli, kwa kuwa hakuna aliyesahihishwa, kila mmoja wetu alimchora Jinpachi wake, na uso ukawa unabadilika kidogo kila wiki. Watazamaji wakaandika kwamba hilo limewagusa sana, maana hakuna mtu anayeamka na uso wa jana. Walibishana hata kuhusu ule muhuri, kwa nini umekaa upande. Bi Tsukagoshi alichukua karatasi moja tupu, akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Mimi nilimwendea mwenyewe.

"Mwalimu, karatasi hii haina kitu."

"Naiona."

"Sasa maana yake nimepata au nimekosa?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona karatasi ya njano."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amevaa koti lake la pamba, mikono ameingiza ndani ya mikono ya koti, kama wazee wafanyavyo wakati wa baridi. "Baki hivyo hivyo, Tetsu," alisema. "Usiwe na akili kama hawa."

Nikarudi mezani sijui kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi, maana hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Kabla sijachora mwendo wowote, naufanya mwenyewe. Nikitaka kuchora mtu anaanguka, naanguka, nikiwa na saa ya kupimia mbio mkononi. Najua kuanguka kutoka kwenye kiti ni sekunde moja kasoro. Mezani kwangu nina kioo kidogo cha kujitazama uso. Karibu kila mchora katuni anacho.

Nikasema, basi, nami nikae. Nikavuta kiti dirishani, nikabonyeza saa, nikakaa.

Haikufaa. Nilirudia zaidi ya mara hamsini. Mtu aliyeshika saa si mtu aliyekaa tu, ni mtu anayesubiri sekunde arobaini na mbili ziishe. Nikaiweka saa chini, nikawa mtu anayejiuliza sasa ni sekunde ya ngapi. Nikajaribu kutofikiri chochote, nikawa mtu anayekazana kutofikiri. Nilijitazama kiooni: uso wa mtu anayejua kabisa anachotaka, anataka meza yake isichukuliwe. Jinpachi hana meza. Nikamchukia Jinpachi. Nikamchukia na mama yake, anayeita chakula kila siku kama vile mtu akila ndiyo amejibiwa.

"Umekwisha, bwana," Bi Hatakeyama aliniambia katikati ya Januari. "Jumatatu ijayo nachukua kilichopo, kiwe kimekufa, kiwe kinawashwa. Isipopita mara hii, kipande kinakwenda kwa mtu mwingine."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, wengi walikuwa wametoka kwenda kununua sigara. Nilikuwa nimejiegemeza, sifanyi lolote. Kioo changu kilikuwa kimelala upande kidogo, na ndani yake, badala ya uso wangu, nikamwona Mwalimu Ebisawa nyuma yangu, kwenye kona yake.

Alikuwa ametoa mkono ndani ya koti. Mbele yake kulikuwa na mchoro, juu yake karatasi ya njano, na penseli imelala pembeni. Mkono wake ulikuwa gotini. Alikuwa anaiangalia penseli. Hakuwa amekasirika wala kuhuzunika, wala hakuwa anasubiri mtu. Kidole gumba kilikuwa kinasuguana polepole na kidole cha shahada, kama mtu anayepima ubora wa unga, na kidole cha mwisho kikitetemeka kidogo, kinatulia, kinatetemeka tena. Shingo ilikuwa imeinama upande kwa upana wa kidole. Mara moja alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, asiseme.

Bila kugeuka, nikabonyeza saa.

Alipochukua muhuri, sekunde arobaini na sita zilikuwa zimepita. Ungetoa nne za mwanzo, ungekuwa na Jinpachi.

Nilidhani ni baridi. Hilo nalisema mapema, kwa sababu wameniuliza watu wengi na wengine hawaniamini. Jiko la mafuta lilikuwa karibu na mlango, na kona ya Mwalimu ilikuwa mbali nalo. Nilidhani mzee anafikiri juu ya mchoro na vidole vinasikia baridi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa na siku nne.

Nilichora michoro thelathini na minane. Sikuongeza kitu. Kila kidole nilichokiona kikitetemeka nilikiandika kwenye karatasi ya muda picha kwa picha: kitetemeke mara tatu, kitulie kwa picha kumi na moja, kitetemeke mara mbili. Niliweka sura ya Jinpachi, nywele za Jinpachi, nguo za Jinpachi. Nilipomaliza, nikazishika karatasi kwa pembe nikazipepea, maana ndivyo tunavyouona mwendo kabla haujapigwa picha. Alikuwa amekaa. Hajui. Hata mimi sikujua hajui nini, lakini hajui.

Sikupeleka kwanza kwa Bi Tsukagoshi. Nilipeleka kwa aliyenisemea.

"Mwalimu, hii hapa."

"Zipepee wewe," alisema. Mikono ilikuwa ndani ya koti.

Nilizipepea mbele ya macho yake. Mara moja. Akasema tena. Nikazipepea mara ya pili.

"Ulitumia kioo," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umekosea mkono."

Nikaziangalia karatasi upya.

"Umechora kidole kinatetemeka mkono wa kushoto. Kioo hugeuza, Tetsu. Miaka thelathini nakuambia kioo hugeuza. Ni mkono wa kulia."

"Jinpachi hajaandikiwa mkono gani..."

"Ni wa kulia," alisema. Kisha: "Na kidole cha mwisho unakichelewesha. Kilete mbele kwa picha mbili. Kinaanza kabla ya gumba, si baada."

Kwa miezi tisa hakuwa amemsahihisha mtu, halafu ananipa masahihisho mawili, tena ya picha mbili, mambo ambayo ni fundi peke yake angeyaona. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, huo ndio ukweli. Nilirudi mezani, nikazigeuza karatasi kifudifudi juu ya taa, nikafuata mistari kwa nyuma ili kushoto kuwe kulia, nikarekebisha njia ya nywele, nikakileta kidole mbele kwa picha mbili. Alikuwa amesema kweli. Kilikuwa bora.

Jumatatu alipiga muhuri bila kuniangalia. Ulikaa upande.

Bi Tsukagoshi hakuandika kitu kwenye bahasha ile. Alikuja mwenyewe mezani kwangu, akaniinamia kwa heshima, akaondoka. Bi Hatakeyama, aliyekuwa akipita, akasema, "Haya, kuku kaangua."

Nikajua meza yangu imebaki.

Alhamisi ya wiki iliyofuata tuliangalia sehemu ya kumi na moja chumba cha juu, alasiri, sote kumi na wanne kwenye viti vya kukunja, na maganda ya machenza chini. Sauti zilikuwa bado hazijawekwa. Kikaja kipande cha 214. Jinpachi kizingitini.

Hapa kuna jambo ambalo nilitakiwa nilijue kuliko wote. Watu wengine hutambuana kwa sura. Sisi tumemaliza maisha yetu tukitazama namna kiwiko kinavyotangulia kiganja, namna mtu anavyopanda ngazi kwa mguu uleule kila siku. Mfiche mtu nyuma ya sura yoyote unayotaka. Akisogea tu, tutakutajia jina lake.

Kichwa cha kwanza kiligeuka sekunde ya kumi hivi. Kisha cha pili. Kufika sekunde ya thelathini hakuna aliyekuwa anaangalia picha. Chumba kizima kilikuwa kimegeukia kiti cha nyuma, alikokaa Mwalimu Ebisawa na koti lake, mikono ndani.

Mimi nami niligeuka. Wa mwisho.

Picha ikaisha. Mtu akawasha taa. Bi Tsukagoshi akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu. Zile karatasi."

Mwalimu alitoa mkono wa kulia ndani ya koti, akauweka gotini, tuuone. Kidole cha mwisho kilianza kabla ya gumba, si baada.

"Tangu Aprili," alisema. "Mstari haukai. Muhuri unakaa kidogo."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilitaka kuwaambia," alisema. Akatuangalia mmoja mmoja, na naapa alikuwa karibu kucheka. "Lakini mlikuwa mnafurahia sana."

Bi Hatakeyama, ambaye ulimi wake haulali, akainama akaanza kuokota maganda ya machenza, akayaokota yote, hata yale yaliyokuwa chini ya viti vya watu.

Mwenye studio hakumfukuza. Alimwambia abaki, akae tu, aseme maneno, wengine wachore. Mwalimu alimjibu kwamba studio ina mtu mmoja anayekaa tu na anatosha, naye ni wa karatasi. Ijumaa alikusanya vitu vyake. Bi Tsukagoshi aliibandua ile karatasi tupu ukutani. Baada ya siku mbili aliirudisha. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui, na mara hiyo hakufurahi kusema hivyo.

Nilimbebea Mwalimu boksi mpaka chini. Halikuwa zito: penseli, kikombe, kioo. Kwenye ngazi nilisema nililotaka kulisema tangu Alhamisi.

"Mwalimu, sikujua. Nilidhani ni baridi."

"Najua ulidhani ni baridi. Wewe si mtu wa kudhani mambo makubwa."

"Sasa kama uliona mapema ni wewe, kwa nini ulinirekebisha? Ungesema hapana. Ungeinyima muhuri wako, ningechora kitu kingine, hakuna ambaye angejua."

Alisimama ngazini. "Mkono ulikuwa umekosewa, Tetsu. Ulitaka nifanyeje? Niache mkono uliokosewa utoke na jina langu?"

"Lakini..."

"Na kidole kilikuwa kimechelewa."

Tulishuka ngazi nyingine. Nilijaribu kuona kama amenikasirikia. Niliutazama uso wake kama ninavyotazama uso wowote, nyusi, kona za mdomo, na nikashindwa kuusoma. Mimi, baada ya miaka thelathini na miwili.

"Niulize kitu kimoja," nilisema. "Siku ile, kwenye kioo. Zile sekunde arobaini na mbili. Ulikuwa hujui nini?"

"Siku gani?"

"Jumatano. Baada ya chakula cha mchana. Uliikazia macho penseli."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Nafikiri nilikuwa najiuliza kama nimefunga gesi nyumbani," alisema.

"Ulikuwa umefunga?"

"Sikumbuki." Akachukua boksi mikononi mwangu, akalikumbatia kwa mikono yote miwili ili litulie. "Au labda haikuwa hilo. Rudi juu, utashikwa na baridi."

Akaenda zake kituoni. Anatanguliza mguu wa kushoto, bega la kulia liko chini kidogo. Ningemjua popote.

Sehemu ya kumi na moja ilionyeshwa mwezi wa Februari. Watu waliandika barua nyingi kuliko sehemu zote, karibu zote juu ya kipande cha 214. Mmoja aliandika kwamba mkono ule unatetemeka kwa uzito wa miaka thelathini ya kutokuwepo. Mwingine alisema ni mvua ambayo haijapimwa. Nilizisoma zote. Hakuna aliyesema gesi.

Basi hivi ndivyo ilivyogharimu. Wiki tisa. Michoro mia tatu na arobaini na saba niliyoitupa, na thelathini na minane iliyobaki, ambayo niliichora mara mbili kwa sababu ya mkono. Karatasi za njano zisizo na mstari, hakuna aliyezihesabu, sasa ziko kwenye maboksi kumi na moja. Meza moja, kwenye kona ya mbali na jiko, ambayo tumeifanya pa kuwekea makoti. Mwaka mmoja na miezi minne hajanipigia simu, nami sijampigia. Kilichopatikana ni sekunde arobaini na mbili, na meza yangu, ambayo nimekaa hapa mbele yake.